Pampu Inaomba, Mwamba Unaamua: Mwongozo Kamili wa Kusoma Mwamba Tope kabla ya Kuupasua kwa Maji

Katikati ya Julai 2007 wakazi wa Arusha walitikiswa na mfululizo wa matetemeko. Kubwa kuliko yote lilikuja Julai 17, lenye ukubwa wa 5.9, na hata Nairobi watu walitoka maofisini mbio. Kule chini ya Mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, magma ilikuwa inajipenyeza ndani ya mwamba na kuupasua kwa presha yake yenyewe, kilomita kadhaa, bila kutokeza juu. Mwanzoni mwa Septemba, Ol Doinyo Lengai ulio jirani ukaanza kulipuka.

Ufa ule haukwenda ovyo. Ulifuata mwelekeo wa jumla wa Bonde la Ufa, kwa sababu ardhi ya huku inavutwa takriban mashariki na magharibi, na ufa wowote unaosukumwa na kimiminika hufunguka kule ambako mwamba umebanwa kidogo zaidi. Magma ilileta nguvu tu. Njia ya kupita ilipangwa na mwamba.

Wahandisi wa gesi hufanya jambo hilohilo kwa maji, pampu, na mchanga wa kuzuia ufa usifunge. Jaribio la kwanza lilifanyika Kansas, Marekani, mwaka 1947, na miaka miwili baadaye likawa biashara. Kwa mwamba tope, yaani tope laini la bahari ya kale lililoshindiliwa likawa jiwe la tabaka nyembamba, mafanikio yalichelewa. Kampuni ya Mitchell Energy ilichoronga kisima chake cha kwanza kwenye mwamba tope uitwao Barnett, Texas, mwaka 1981, na ilipofika 1997 ndipo ikaachana na majimaji mazito ya gharama kubwa na kutumia maji mepesi yenye kemikali kidogo ya kupunguza msuguano. Mwamba ulikuwa uleule siku zote. Kilichobadilika ni kwamba watu walianza kuusikiliza.

Sisi Tanzania hatuna kisima cha gesi ya mwamba tope. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, imo ndani ya miamba ya mchanga na hutiririka bila kupasuliwa namna hii. Kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya Texas. Lakini wanafunzi wa jiolojia walioko Arusha na Moshi huulizwa mambo haya kwenye usaili wa kazi za nje, na mafundi wa visima vya maji nao wana toleo lao dogo la kazi hii, nitakalolifikia mwishoni. Unachohitaji ni karatasi ya hesabu kwenye kompyuta na uvumilivu.

Hatua ya kwanza: jua mwamba umeundwa na nini

Anza na madini, usianze na presha. Chukua mche wa mwamba, yaani kipande kirefu cha jiwe kilichokatwa na kutolewa kisimani. Kama hakuna, tumia vipande vinavyopanda na tope la uchorongaji. Vipeleke maabara vipimwe kwa miale ya X ili upate asilimia ya kila madini. Yagawe katika mafungu matatu: kwatzi na jamaa zake, madini ya chokaa (kalsaiti na dolomaiti), na udongo mfinyanzi.

Kwatzi huvunjika kama kashata. Udongo mfinyanzi hukubali kukunjwa, na ukiupasua hujirudia taratibu mpaka ufa unafunga. Kutokana na hilo likatengenezwa fahirisi rahisi: asilimia ya kwatzi, gawanya kwa jumla ya kwatzi, kalsaiti na udongo. Sampuli ya Barnett inayotajwa sana ina kwatzi 45%, udongo 27% na kaboneti (yale madini ya chokaa) kama 8%. Hesabu yake ni 45 kugawanya kwa 80, sawa na 56%. Huo ni mwamba unaopasuka vizuri.

Hapa wengi huishia, nami nakushauri usiishie hapa. Fahirisi hii inauhesabu mwamba wa chokaa kama laini, ilhali mwamba wa Eagle Ford kule Texas kusini umejaa kaboneti na unapasuka bila matatizo. Ndiyo maana baadaye wataalamu wakaihamishia dolomaiti upande wa juu wa hesabu. Pia asilimia haikuambii kwatzi imekaaje. Kwatzi iliyotokana na mifupa ya viumbe wadogo wa baharini, ikayeyuka na kuganda upya, hushikana na kuwa kiunzi kigumu. Kwatzi iliyoletwa na mto kama chembe za mchanga zinazoelea ndani ya udongo haina kiunzi chochote. Asilimia inaweza kuwa ileile, na tabia zikatofautiana kabisa. Angalia kwa hadubini kabla ya kuandika ripoti.

Aina ya udongo nayo ni muhimu. Ilaiti ni mpole. Smektaiti huvimba ikikutana na maji matamu. Mtu wa Arusha au Moshi anaifahamu smektaiti hata kama hajawahi kusikia jina lake: ndiyo inayofanya udongo mweusi wa mbuga upasuke kiangazi na kunasa gari masika. Majivu ya volkano nayo, yakikaa majini muda mrefu, hugeuka kuwa udongo wa jamii hii. Ndani ya Eagle Ford na ndani ya Vaca Muerta ya Argentina kuna matabaka membamba ya majivu ya kale yaliyogeuka hivyo, na yanasumbua kuliko unene wake.

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua mabonge mawili makavu ya udongo wa mbuga. Tumbukiza moja kwenye glasi ya maji matupu, jingine kwenye maji uliyokoroga mbolea ya potashi, ile nyekundu au nyeupe ya kloridi. Koroga zote mbili, ziache zitulie. Ile ya maji matupu itabaki chafu kwa muda mrefu. Kwenye potashi chembe hushikana, huzama, na maji ya juu hutakata mapema. Ndiyo sababu kwenye miamba yenye smektaiti maji ya kupasulia huongezwa kloridi ya potasiamu. Kabla ya kazi ya kweli, jaribio la namna hiyo hufanywa kwa vipande vya mwamba wenyewe.

Hatua ya pili: pima ugumu kwa mawimbi

Namba mbili zinatawala: moduli ya Young, inayoeleza mwamba unavyokataa kubonyea, na uwiano wa Poisson, unaoeleza unavyotanuka pembeni ukibanwa kutoka juu. Huwezi kutoa mche kwenye kila mita ya kisima, kwa hiyo hushushwa kifaa kinachopima kasi ya mawimbi ya sauti, ya kusukuma (P) na ya kukata (S), pamoja na densiti.

Hesabu ni hizi:

Uwiano wa Poisson = (P² − 2S²) ÷ [2 × (P² − S²)]

Moduli ya Young = densiti × S² × (3P² − 4S²) ÷ (P² − S²)

Tuchukue matabaka mawili ya kubuni yaliyopakana, kina cha mita 2,500, yote yakiwa na densiti ya kilo 2,500 kwa mita ya ujazo. Tabaka A: P ni mita 4,000 kwa sekunde, S ni 2,400. Utapata uwiano wa Poisson 0.22 na moduli kama gigapaskali 35. Tabaka B, lenye udongo mwingi: P ni 3,200, S ni 1,700. Uwiano ni 0.30, moduli kama 18.8. Zifanye mwenyewe kwenye karatasi yako ya hesabu. Zikikataa, karibu kila mara umesahau kuweka mraba mahali.

Namba za mawimbi ni kubwa kupita kiasi. Wimbi hupita kwa msukumo mdogo na wa haraka, wakati ufa hufunguka polepole na kwa nguvu nyingi, na mwamba huonekana laini zaidi. Lazima ubanwe mche halisi kwenye mashine ya maabara, upate kipimo cha taratibu, kisha utafute uhusiano wa hizo mbili kwa mwamba huohuo. Usiazime uhusiano wa bonde jingine. Kwa mfano wetu tu nitazidisha kwa 0.7: A inakuwa gigapaskali 24.6, B inakuwa 13.2.

Kuna fahirisi ya pili ya ukavu wa mwamba (yaani wepesi wake wa kuvunjika, si ukosefu wa maji), inayotumia namba hizi badala ya madini. Moduli hupangwa kati ya gigapaskali 6.9 (alama sifuri) na 55.2 (alama mia). Uwiano wa Poisson kati ya 0.40 (sifuri) na 0.15 (mia), kisha hupatikana wastani. Tabaka A hupata 37 kwa moduli na 72 kwa Poisson, wastani kama 54. Tabaka B hupata 13 na kama 40, wastani kama 26.

Mimi fahirisi hizi naziheshimu kama njia ya kupanga matabaka ndani ya kisima kimoja. Kulinganisha Texas na Argentina kwa namba hiyo ni kujidanganya. Na mwamba kuwa mkavu si sawa na mwamba kuwa mzuri: chokaa safi isiyo na tone la gesi inaweza kupata alama za juu kuliko mwamba wenye gesi. Nimeona wanafunzi wakichagua mahali pa kupasua kwa kufuata rangi nyekundu ya fahirisi kwenye ramani, wakaangukia jiwe tupu.

Jambo moja zaidi kabla hatujasonga. Mwamba tope una tabaka, na ukiupima sambamba na tabaka ni mgumu kuliko ukiupima kwa kukatisha tabaka. Kadiri udongo unavyoongezeka ndivyo tofauti inavyokua. Kwa hiyo agiza miche midogo ikatwe kwa pande zote mbili, na mmoja wa pembe ya nyuzi 45. Mhandisi anayetumia namba moja kwa pande zote mara nyingi hukadiria chini mkandamizo wa matabaka yenye udongo.

Hatua ya tatu: kadiria mkandamizo

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ukiwa na muda wa kufanya hatua moja tu kwa umakini, fanya hii.

Ndani ya ardhi kuna mikandamizo mitatu: uzito wa juu, na miwili ya mlalo isiyolingana. Ufa hufunguka dhidi ya ulio mdogo kuliko yote. Mahali ambapo mdogo ni wa mlalo, ufa husimama wima. Mahali ambapo ardhi inasukumwa, na milima inakunjamana, mdogo unaweza kuwa ule wa wima, na ufa hulala chali kufuata tabaka, jambo linaloharibu mpango wote.

Uzito wa juu ni rahisi: densiti × mvutano wa dunia × kina. Kwetu ni 2,500 × 9.81 × 2,500, sawa na megapaskali 61.3. Presha ya maji na gesi ndani ya vinyweleo, yaani vijitundu vidogo sana vya mwamba, tuseme ni megapaskali 30. Kisha:

Mkandamizo mdogo wa mlalo = [Poisson ÷ (1 − Poisson)] × (uzito wa juu − presha ya vinyweleo) + presha ya vinyweleo

Tabaka A: 0.22 ÷ 0.78 ni 0.28, zidisha kwa 31.3 upate 8.8, ongeza 30. Jibu ni megapaskali 38.8. Tabaka B: 0.30 ÷ 0.70 ni 0.43, zidisha kwa 31.3 upate 13.4; ongeza 30. Jibu ni 43.4.

Tazama hiyo tofauti ya megapaskali 4.6. Ufa ulioanzia A ukifika mpakani mwa B hukutana na ukuta, si kwa sababu B ni ngumu (ni laini!) bali kwa sababu imebanwa zaidi. Ndivyo ufa unavyozuiwa kupanda au kushuka. Barnett una somo maarufu hapa. Chini yake kuna mwamba wa chokaa wa Ellenburger uliojaa maji. Sehemu ambazo katikati yake limekaa tabaka la chokaa la Viola, visima vilifanya vizuri mapema. Ambako Viola haipo, ufa ulishuka Ellenburger na kisima kikaanza kutoa maji, mpaka uchorongaji wa mlalo ulipoleta njia nyingine.

Hesabu niliyotoa inaacha nje msukumo wa mabamba ya dunia. Kwenye bonde lililotulia kosa ni dogo. Kwenye eneo lenye nguvu za ardhi, kama letu hili la ufa, huwezi kuipuuza. Kwa hiyo makadirio lazima yasahihishwe kisimani, na kipimo chake ni jaribio dogo la kudunga: sukuma mita chache za ujazo za maji mpaka mwamba upasuke, funga, kisha kaa ukitazama presha inavyoshuka. Mahali ambapo mteremko unabadilika ndipo ufa ulipofunga, na presha ya pale ndiyo mkandamizo mdogo. Ukiendelea kusubiri unaweza kusoma na presha ya vinyweleo. Kusubiri kwenyewe ndiko kugumu. Mwamba tope hupitisha maji polepole sana, na kushuka kwa presha huchukua siku, pengine wiki. Wakubwa huja kuuliza kwa nini mtambo umekaa bure. Waeleze kwa upole, usifungue.

Mwelekeo unausoma kwenye picha za ukuta wa kisima. Pale ukuta unapomeguka pande mbili zinazotazamana, huo ndio upande wa mkandamizo mdogo wa mlalo. Nyufa nyembamba zinazosababishwa na uchorongaji huwa upande wa pili, nyuzi 90 kutoka hapo. Kisima cha mlalo huelekezwa upande wa mkandamizo mdogo, ili nyufa zikikatishe na kuingia mbali mwambani pande zote mbili.

Mtu wa Moshi ana darasa lake la bure asubuhi isiyo na mawingu. Kuta zenye meno za Mawenzi zimejaa mishipa ya lava iliyogandia ndani ya nyufa zake, na mmomonyoko umekula mawe laini ya pembeni. Kila mshipa ni ufa uliosukumwa na kimiminika. Jinsi mingi inavyotawanyika kutoka katikati inaonyesha kwamba mlima wenyewe, kwa uzito na presha ya tumbo lake, uligeuza mkandamizo wa jirani. Visima navyo hufanya hivyo kwa kiwango kidogo: ufa wa kwanza hubana mwamba wa pembeni, na wa pili unaweza kupinda.

Hatua ya nne: tafuta nyufa za zamani

Mwamba tope karibu haukosi nyufa za asili, nyingi zimejazwa kalsaiti. Usizione zimezibwa ukadhani hazina kazi. Za Barnett zimefungwa, lakini mshikamano wa kalsaiti na ukuta wa ufa ni dhaifu kuliko mwamba mzima, kwa hiyo maji yakifika hufunguka tena.

Kitakachotokea ufa mpya ukikutana na wa zamani kinategemea mambo mawili: pembe wanayokutania, na tofauti kati ya mikandamizo miwili ya mlalo. Pembe kubwa na tofauti kubwa, ufa hukata na kuendelea moja kwa moja. Pembe ndogo na tofauti ndogo, maji hugeuka na kufuata ule wa zamani, unapata mtandao wa matawi. Mtandao ni mzuri kwa eneo la kukusanyia gesi, ila matawi ni membamba na mchanga hukwama kwenye kona. Yale matabaka ya majivu niliyoyataja hufanya kitu kingine: hutelezeana, ufa unakatika ngazi kwa ngazi, na mchanga unashindwa kupanda.

Andika kwenye fomu yako ya mche: idadi ya nyufa kwa mita, pembe, kilichozijaza, na kama zinaishia kwenye mpaka wa tabaka. Kazi ya kuchosha, lakini hakuna kifaa cha kisimani kinachoifanya kwa niaba yako.

Hatua ya tano: vinyweleo na upenyezaji

Hapa nitapita haraka. Upenyezaji wa mwamba tope hupimwa kwa nanodasi, yaani sehemu ya bilioni ya dasi, na miamba mizuri ya mchanga ina mamilioni ya hizo nanodasi. Kwa hiyo gesi haiwezi kusafiri mita nyingi ndani ya mwamba wenyewe. Ndiyo maana nyufa zinahitajika nyingi na karibukaribu. Kagua pia kiasi cha mabaki ya viumbe, ambacho kwa kawaida hutakiwa kizidi 2%, na kama mwamba uliiva kwa joto la kutosha. Mwamba unaopasuka vizuri usio na kitu ndani ni hasara safi.

Hatua ya sita: geuza namba kuwa mpango wa pampu

Upana wa ufa kwa makadirio ni: 2 × presha ya ziada × kimo cha ufa × (1 − Poisson²) ÷ moduli ya Young. Tukichukua presha ya ziada (inayozidi mkandamizo mdogo) ya megapaskali 3 na kimo cha mita 50, Tabaka A hutoa ufa wa milimita 11.6 katikati. Tabaka B hutoa karibu milimita 20.7. Mwamba laini hutoa ufa mpana na mfupi, mgumu hutoa mwembamba na mrefu.

Usifurahie upana wa B. Pampu ikizimwa ufa hufunga juu ya mchanga, na kwenye mwamba laini chembe huzama ukutani. Maji yenyewe hulainisha uso wa udongo na kuzidisha kuzama. Kwa hiyo kwenye mwamba mkavu kama A: maji mepesi, kasi kubwa ya kusukuma, mchanga wa chembe ndogo. Ule wa saizi 40/70 una chembe za takriban milimita 0.2 hadi 0.4, na wa saizi 100 ni mdogo zaidi. Kwenye mwamba kama B: majimaji mazito zaidi, mchanga wa chembe kubwa na mwingi zaidi, au uamuzi wa kuliacha tabaka hilo. Kina kikizidi, kama Haynesville kule Louisiana na mashariki ya Texas, ambako mwamba upo zaidi ya mita 3,000 na presha ni kubwa, mchanga wa kawaida husagika na ndipo chembe za kauri zinapoingia licha ya bei yake.

Presha ya juu ya kisima iangalie hivi: nguzo ya maji ya mita 2,500 yenyewe inabana chini kwa megapaskali 24.5. Kufungua ufa Tabaka A kunataka 38.8. Kwa hiyo hata kabla ya msuguano, pampu lazima ilete 14.3, uongeze ile 3 ya ziada, kisha msuguano wa bomba na wa matundu yaliyotobolewa kwenye bomba ili maji yaingie mwambani. Jumla hiyo ikizidi uwezo wa bomba la kisima, rudi nyuma, hakuna ujanja.

Mwisho wa hatua hii ni kupanga matundu. Kisima cha mlalo hupasuliwa kwa vipande, na kila kipande kina makundi kadhaa ya matundu yanayopokea maji kwa pamoja. Weka makundi ya kipande kimoja mahali penye mkandamizo unaokaribiana. Ukichanganya A na B kwenye kipande kimoja, maji yote yatakwenda A na utalipia matundu ya B bure. Kosa hili ni la kawaida mno, kwa sababu kugawa kisima kwa vipande sawa ni rahisi kuliko kusoma logi, yaani rekodi ya vipimo vya kifaa kilichoshushwa kisimani.

Hatua ya saba: folti

Kabla ya kuwasha chochote, weka mezani ramani ya folti, yaani mipasuko ya ardhi ambayo pande zake huteleza. Preese Hall, karibu na Blackpool, Uingereza, kupasua mwamba tope kulizua tetemeko la 2.3 mwaka 2011. Agosti 2019, eneo la Preston New Road lilileta la 2.9, na Novemba mwaka huo serikali ikasimamisha shughuli hizo England. Matetemeko ya Oklahoma, likiwemo la 5.8 la Pawnee mwaka 2016, kwa sehemu kubwa yametokana na jambo jingine: kurudisha ardhini maji machafu kwa wingi na kwa muda mrefu. Watu huyachanganya, na mwongozo wowote unaotaka kuaminika hauna budi kuyatenganisha.

Folti iliyoelekea vibaya kwa mkandamizo uliopo haihitaji maji mengi ili iteleze. Hesabu umbali wake, pembe yake, weka vipima tetemeko mapema ili ujue hali ya kawaida, na andika kiwango ambacho kikifikiwa pampu zinazimwa bila mjadala. Kwa eneo kama letu, lenye folti hai kuanzia Natron mpaka Manyara, hatua hii ingekuwa ya kwanza, si ya saba.

Kwa mafundi wa visima vya maji

Kisima kilichochorongwa kwenye mawe magumu ya kale, kama yale ya Simanjiro au sehemu za Longido, kikatoa maji kidogo, kinaweza kusaidiwa kwa kupasuliwa. Kazi ni ndogo mno ukilinganisha na ya gesi: mpira wa kuziba hushushwa chini ya bomba la kisima, maji safi husukumwa chini yake, presha hupanda kisha hushuka ghafla mwamba unapoachia. Kwa kawaida mchanga hauwekwi. Kinachofanyika hasa ni kufungua na kusafisha nyufa zilizokuwepo, kwa hiyo mwamba usio na nyufa kabisa usitegemee miujiza.

Kanuni ni zilezile. Gnaisi ngumu, mojawapo ya mawe hayo ya kale, hubaki wazi baada ya kufunguliwa, kwa sababu kuta zake hazilingani tena vizuri zikirudi. Majivu yaliyoshikana na udongo wa volkano, yaliyotapakaa kuzunguka Meru na chini ya Kilimanjaro, hujifunga na kukuzibia kisima kwa tope. Huko fanya usafishaji wa kawaida, usipasue. Lava zilizopangana na majivu ndizo zenye mtego. Maji mara nyingi yapo mpakani mwa tabaka, na ukipasua mahali pasipo sahihi unaweza kuunganisha chemchemi nzuri na tabaka lenye floridi nyingi. Mteja atapata maji mengi yasiyofaa kunyweka, kwa sababu Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na miamba ya huku huvuka kikomo hicho kwa urahisi.

Kwa hiyo kabla ya kushusha mpira wa kuziba: soma tena daftari la uchorongaji uone maji yaliingilia kina kipi, shusha kamera kama ipo, weka mpira kwenye mwamba mzima usio na ufa na mbali ya kutosha na mwisho wa bomba, piga pampu jaribio la saa kadhaa ujue kiwango cha sasa, na chukua sampuli ya maji ipelekwe maabara. Baada ya kupasua, rudia jaribio na sampuli, umkabidhi mteja karatasi zote mbili.